Jiwe la Kusagia Haliwekwi Rehani

(Mada niliyoitoa kwenye darasa la vijana wa chama, ngazi ya kata. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)



Nimepewa mada ya uchumi na haki. Najua wengi mlitegemea nije na takwimu za Deni la Taifa. Leo nimekuja na Torati. Wenzangu Waislamu msiondoke, Musa ni wetu sote, na habari ya riba mnaijua vizuri kuliko sisi. Na sikuja kuhubiri. Nataka tuisome kama sheria, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: sheria ya nchi ya wakulima na wafugaji, kuhusu nani anamiliki nini na nani anamdai nani.

Nianze na kuungama. Kabla sijajiunga na harakati hizi nilifanya kazi kwenye kampuni moja ya mikopo midogo, hii mnayoiita kausha damu. Kwenye karatasi niliitwa afisa mikopo, mtaani nilikuwa mtu wa marejesho. Siku moja tulikwenda watatu kwa mama mmoja fundi cherehani aliyekosa marejesho ya wiki tatu. Tuliingia mpaka chumbani, tukabeba cherehani. Sare ya shule ya mtoto wa watu ilikuwa bado imebanwa kwenye sindano. Mama yule aliuliza swali moja tu: "Sasa wanangu, nitawalipa kwa kutumia nini?" Hatukumjibu. Na mimi, niseme ukweli, sikuacha kazi siku ile. Niliacha miezi kadhaa baadaye.

Sasa fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Kule Israeli ya kale kila nyumba ilikuwa na mawe mawili ya kusagia nafaka. Bila hayo hakuna unga, na bila unga hakuna mkate wa siku. Sheria inamkataza anayekopesha asichukue mawe hayo kuwa rehani, hata lile la juu peke yake, maana atakuwa ameshika uhai wa mtu. Kwa mama yule, jiwe la kusagia ni cherehani. Kwa kijana wa bodaboda ni pikipiki. Kwa mama lishe ni sufuria na jiko.

Sura hiyohiyo inaendelea. Mwenye kudai haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchagua rehani. Anasimama nje, mdaiwa mwenyewe ndiye anayemletea. Jamani, mimi niliingia mpaka chumbani! Na kama mdaiwa ni maskini na alichotoa ni vazi lake, lirudishwe jua linapozama, kwa sababu usiku ndilo blanketi lake.

Msidhani hizi ni hadithi za vitabuni tu. Mwaka 1960, kwenye magofu ya ngome moja karibu na pwani ya Mediterania, kusini mwa Jaffa, wachimbaji walikuta vipande vya chungu vyenye maandishi ya Kiebrania ya karne ya 7 kabla ya Kristo. Ni malalamiko ya mvunaji kwa mkubwa wa eneo. Anasema alimaliza kazi yake, lakini vazi lake limechukuliwa. Anasema wavunaji wenzake watamshuhudia. Anaomba arudishiwe. Kibarua asiye na kitu, ila alijua kuna mahali pa kupeleka lalamiko lake, na alikuwa na wenzake wa kusimama naye.

Tuje kwenye mikopo yenyewe. Kutoka sura ya 22 inakataza kumtoza riba maskini wa taifa lako. Kumbukumbu sura ya 15 inaongeza kwamba kila mwaka wa saba madeni yaachiliwe, na inamwonya tajiri asianze kubana mkono akiona mwaka huo unakaribia. Kwenye shamba, Walawi 19 inamzuia mwenye shamba kuvuna mpaka pembezoni au kurudia masazo, ni ya maskini na mgeni. Ruthu, mjane na mgeni kutoka Moabu, aliishi kwa masazo hayo. Na Walawi 25 inasema ardhi haiuzwi moja kwa moja. Ukiuza shamba umeuza idadi ya mavuno yaliyobaki mpaka Yubile, mwaka wa 50, kisha linarudi kwa ukoo wake. Babu akianguka kwenye deni, mjukuu asizaliwe bila ardhi.

Mnaona mpangilio wake? Aliyefungwa breki ni mwenye nguvu. Maskini hapewi hisani hapa, anapewa haki yake.

Lakini tusiwe mashabiki tu. Sheria hizo zina mipaka yake. Mgeni aliruhusiwa kutozwa riba, na mtumwa mgeni hakuwa na Yubile. Pia zilikwama kwenye utekelezaji. Mwaka wa saba ulipokaribia, wenye pesa walikataa kukopesha, na anayeumia hapo ni mhitaji. Ndipo Hillel, mwalimu mkubwa wa Kiyahudi karibu na wakati wa kuzaliwa Kristo, akaweka utaratibu unaoitwa prosbuli: mkopeshaji anakabidhi madai yake mahakamani, na deni halifutiki. Aliokoa mkopo, lakini msamaha wa mwaka wa saba ukapungua nguvu. Tunaoandika sera tulikumbuke hilo. Ukifunga mkopo mbaya bila kufungua mwingine, umemfunga maskini.

Na pale sheria ilipokanyagwa ilikuwaje? Someni Nehemia, sura ya 5, Yerusalemu, karne ya 5 kabla ya Kristo. Watu waliweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka na kulipa kodi ya mfalme wa Uajemi. Wengine walitoa watoto wao utumwani. Waume kwa wake wakapiga kelele. Nehemia, aliyekuwa liwali, akakasirika, akawakemea wakubwa, akaitisha mkutano wa hadhara. Na mbele ya watu alikiri kwamba yeye na vijana wake nao walikuwa wakikopesha. Kisha akataka mashamba, nyumba na riba virudishwe leo hii, si baada ya tume kuundwa. Wakaapishwa.

Hapo ndipo nilipojiona mimi. Hakuficha mkono wake. Ila angalieni nani alianza: wananchi waliopiga kelele. Sheria ilikuwepo tangu zamani, ikalala mpaka watu walipoiamsha.

Sisi nasi tunazo sheria zilizolala. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni wangapi humu mmeuliza kwenye kata yenu imekwenda kwa nani? Ndiyo kazi ya kwanza ninayowaachia. Ya pili, kwenye sera yetu ya vijana tuandike mstari mmoja ulio wazi: chombo cha kazi cha mtu hakichukuliwi kwa deni. Ya tatu, mwenzetu akija kubebewa vitu, tusimame naye kama wale wavunaji, tumshuhudie.

Yule mama nilimtafuta mwaka jana. Alishahama, majirani hawajui alikokwenda. Deni langu kwake bado lipo, nalilipa kwa kusema haya.