Nyasi inayozaa bila dume

Maneno ya afisa ugani wa mifugo kwa kaya za wafugaji wa Kibiti na delta ya Rufiji



Kiangazi kikikaza, ng'ombe huteremka bondeni, na bondeni kuna mpunga na mahindi ya jirani. Ugomvi huanzia hapo. Mwenye malisho yake, hata ekari moja, amejiondolea chanzo kimoja cha ugomvi. Lakini wengi husema: mbegu ni ghali, na mwakani nitanunua tena kama mahindi chotara. Kwa baadhi ya nyasi si hivyo, na sababu yake ndiyo ninayotaka muijue.

Ndama ana damu ya mama na ya dume. Ukimwacha mtamba wako mzuri apandwe na dume usiyemjua, hujui atazaa nini. Mahindi nayo ni vivyo hivyo: chavua huletwa na upepo, damu zinachanganyika, na punje za chotara ukizipanda tena hutoa mimea isiyolingana.

Nyasi ya ginea, sencrus na aina nyingi za brakiaria zina njia nyingine. Kiini cha mbegu hutokana na mama peke yake. Wataalamu huita jambo hili apomiksisi. Chavua bado inahitajika, lakini hutumika kutengeneza chakula kilichomo ndani ya mbegu tu; damu yake haiingii kwenye mmea mpya. Ni kama mtamba azae ndama jike aliye yeye mwenyewe tena, kwa rangi, pembe na maziwa. Hata ndimu hufanya hivyo: mbegu moja huweza kutoa miche miwili au mitatu, na baadhi ni mama yule yule.

Nyasi hizi asili yake ni Afrika. Mwaka 1967 na 1969 watafiti wa Kifaransa walikusanya ginea Kenya na Tanzania. Korogwe walipata pia mimea michache ya ginea inayozaa kwa kuchavushana, na hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu kuchanganya damu na kupata aina mpya. Ginea nyingine za Korogwe zilifika Brazili, zikachaguliwa, zikatolewa kwa wafugaji: aina ya Tanzânia mwaka 1990 na Mombaça mwaka 1993. Kwa hiyo ukisikia mbegu ya "Mombasa" inauzwa, ujue ni nyasi ya Korogwe iliyozunguka dunia ikarudi nyumbani.

Faida kwako ni hii: ukinunua mbegu nzuri mara moja, unaweza kuvuna yako miaka inayofuata bila aina kuharibika, hata kama ginea ya porini imeota jirani. Fanya hivi:

1. Tenga kipande cha mbegu na uzuie mifugo kisiliwe wakati wa kuchanua.
2. Mbegu za ginea haziivi pamoja, na zikiiva hupukutika. Pita mara kadhaa, kung'uta masuke juu ya turubai au ndani ya mfuko.
3. Anika kivulini, geuzageuza, kisha weka mahali pakavu.
4. Usipande mara moja. Mbegu mbichi ya ginea hulala. Ihifadhi miezi sita au zaidi.
5. Panda mvua zikishika, kina kisizidi sentimita moja. Ukifukia sana haitoki.
6. Kama mbegu haitoshi, gawanya mashina na uyapande.

Sasa hatari yake. Mimea iliyo nakala ya mama mmoja ina nguvu moja na udhaifu mmoja. Kinachoua mmoja huweza kuua wote. Brazili walipanda brakiaria ya Marandu kwenye maeneo makubwa mno. Penye udongo unaotuamisha maji, malisho mengi yalikufa. Sisi tunaishi na Rufiji, na mafuriko ya Aprili 2024 hayajasahaulika. Basi usipande aina moja kila mahali. Ginea iwe kwenye mwinuko wenye rutuba, sencrus kwenye ardhi kavu isiyotuama maji, na penye majimaji uliza brakiaria ya humidikola, inayovumilia maji zaidi.

Ukinunua, uliza jina la aina na mahali mbegu ilipotoka. Nakala ya mama mbaya ni mbaya milele. Shamba la serikali la Vikuge, Kibaha, hushughulika na mbegu za malisho. Ofisi ya mifugo ya kata itawaelekeza.

Anzeni na kipande mnachoweza kukizungushia uzio wa miiba. Akina mama, ninyi mnaotunza ndama nyumbani, kipande hicho kiwe karibu na boma. Mkivuna mbegu, mpeni jirani kopo moja, hata mkulima, maana nyasi yake ikiota mpakani, mazungumzo yenu yatakuwa mengine.