Wewe Ungefanyaje?

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu. Mtangazaji anaanza.)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine huliita kupoteza wakati. Ni yale maongezi ya barazani baada ya isha, au ya akina mama wakiwa wanaparua samaki, pale mtu mmoja anapouliza: "Hivi unamkumbuka yule bwana wa kwenye ile novela?" Basi hapo usingizi umekwisha. Huyu anamtetea mke, yule anamtetea mama mkwe, na wa tatu anaapa kwamba angekuwa yeye, angefunga mzigo wake siku ile ile. Nimewahi kuona watu wazima wakinuniana siku mbili kwa sababu ya mtu ambaye hajawahi kuishi duniani.

Kila umri una kumbukumbu zake. Ukimuuliza mzee wa huku kwetu atakutajia redio. Mto Ruvuma haukuwahi kuyazuia mawimbi ya Radio Tanzania, na Pwagu na Pwaguzi, wale matapeli wawili, walijulikana upande huu wa mto kama walivyojulikana upande ule. Jina lao lilitoka kwenye methali ambayo hata mtoto anaijua: pwagu hupata pwaguzi. Mwizi hukutana na mwizi aliyemzidi. Watu walicheka, lakini walikuwa wanacheka wakijua wanamcheka nani.

Waliofuata watakutajia banda la video: jenereta inanguruma nje, watoto wamechungulia kwenye matundu ya makuti, na ndani inaonyeshwa filamu ya Kiswahili iliyovuka mpaka kutoka Mtwara. Hapo utasikia majina ya King Majuto na Steven Kanumba. Majuto, mchekeshaji wa Tanga, alifariki tarehe 8 Agosti 2018. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, siku ambayo kwetu Msumbiji ni Siku ya Mwanamke, ya kumkumbuka Josina Machel.

Na wenye televisheni watakutajia novela za Brazili. Televisheni ya taifa letu ilianza kwa majaribio mwaka 1981, lakini huku kaskazini seti ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na umeme ulikuwa wa kubahatisha. Novela inasema Kireno, bibi hajui Kireno, basi mjukuu aliyefika shule ndiye anayetafsiri. Na mjukuu naye, anapochoka kutafsiri, anatunga. Bibi anabaki na novela yake mwenyewe, ambayo mara nyingine ilikuwa nzuri kuliko ile ya Wabrazili.

Hata kabla ya redio na seti, Wamakonde walikuwa na mapiko. Unajua mwenyewe jinsi inavyokuwa: ngoma zinaita, mvaa barakoa anatoka, na barakoa hiyo inaweza kuwa mzee mwenye kiburi, mzungu wa wakati wa ukoloni, au mkubwa fulani wa siku hizi. Watu wanamwona mkubwa akitembea kwa maringo, wanaanguka kwa kicheko. Aliye ndani hatajwi jina. Na kwa kuwa hatajwi, anaweza kuonyesha mambo ambayo angeyasema kwa uso wake mtupu, kesho asingeamka na amani.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilipoanzia Mocímboa da Praia, na baada ya tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, maisha yetu yamejaa orodha. Mwaka 2022 idadi ya waliohama makwao ilipita watu milioni 1. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kusaidiwa bila kuandikwa majina. Kuna orodha ya chakula, orodha ya turubai, orodha ya mbegu, orodha ya wanaorudi. Na penye orodha pana mwenye kalamu. Wenye kalamu wengi ni watu waaminifu, wanaokesha na kutukanwa bila kosa. Lakini unajua, na mimi najua, kwamba wapo wanaosema: "Jina lako lipo, ila linahitaji chai kidogo." Na kwa mama aliye peke yake na watoto, wakati mwingine kinachoombwa si pesa.

Sasa mwite mama huyo kwenye mkutano wa hadhara. Wageni wamekuja na gari jeupe, viti vya plastiki vimepangwa mbele, na kwenye kiti kimoja amekaa yule mwenye kalamu. Mgeni anauliza: "Je, kuna mtu hapa aliyeombwa chochote ili aandikwe?" Kimya. Mikono yote imelala mapajani. Mgeni anaandika kwamba hakuna tatizo, anapanda gari.

Jioni ile ile, mkutano huo huo ukihamia barazani, muulize mama yule yule: "Yule mke katika novela, aliyeombwa vile na tajiri, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Utamsikia. Atasema kwa nusu saa bila kupumzika.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Alikuwemo dereva wa lori, jina lake Mkwaju, mwenye wanawake njiani, na mke wake Tunu nyumbani. Mkwaju akaishia kupata UKIMWI. Tunu alivumilia, akachoka, akaondoka, akaanzisha biashara yake ndogo. Sehemu za Dodoma hazikurushiwa mchezo huo mpaka mwaka 1995, ndipo watafiti wakaweza kulinganisha waliousikia na ambao hawajausikia. Waliousikia walianza zaidi kutumia uzazi wa mpango, na walipunguza wapenzi. Watafiti waliona pia kwamba mabadiliko hayakutokana na redio peke yake. Mke alimuuliza mume: "Umesikia alichofanya Mkwaju?" Rafiki alimuuliza rafiki. Mchezo ulifungua mlango, na mazungumzo ndiyo yaliyoingia ndani.

Ndiyo maana siyaiti maongezi ya novela kupoteza wakati.

Sasa nikupe kisa cha mbali kidogo. Brazili ile ile iliyotuletea novela ilikuwa na mwalimu wa michezo ya jukwaani, Augusto Boal, aliyezaliwa 1931 na kufariki 2009. Njia yake inatumiwa na vikundi vya michezo hapa Msumbiji pia. Boal mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1973, akiwa Peru katika kampeni ya kufundisha watu wazima kusoma, mwanamke mmoja alimjia na shida yake. Mume wake alikuwa akimpa karatasi azitunze, akimwambia ni hati za malipo ya nyumba. Mama hakujua kusoma. Siku moja wakakorofishana, akampelekea jirani amsomee. Zilikuwa barua za mapenzi kutoka kwa mwanamke mwingine. Mume alikuwa anarudi jioni hiyo. Afanye nini?

Boal akawaita waigizaji wake, wakacheza kisa mpaka pale mume anapobisha hodi, kisha wakawauliza watazamaji. Mmoja akasema alie. Mwingine akasema amfungie nje. Waigizaji wakajaribu kila ushauri. Mama mmoja mwenye mwili mkubwa akasema: mke azungumze naye kwa uwazi sana, kisha amsamehe. Mwigizaji akajaribu, akazungumza. Yule mama akatikisa kichwa: siyo hivyo. Akajaribu tena. Siyo hivyo! Boal akachoka, akamwambia: basi mama, panda wewe utuonyeshe. Akapanda. Akachukua mpini wa ufagio, akampiga yule mwigizaji maskini kwa bidii zote, na alipomaliza "uwazi" wake, akamwambia mume akamletee chakula mezani.

Mimi sisemi tupigane na mipini ya ufagio. Nasema kwamba mama yule aliweza kueleza alichomaanisha aliposimama tu. Boal akajifunza hapo hapo kumwachia mtazamaji nafasi ya mwigizaji.

Michezo mingi tunayoletewa, niseme kweli, haina ladha. Mtu mjinga anatoka, anakosea. Mtaalamu anatoka, anahutubia. Mjinga anashukuru, watu wanapiga makofi, sabuni zinagawiwa. Watazamaji hawakuulizwa kitu. Ukitaka kuchezea mtaani kwako mchezo wenye maana, ukate mahali pagumu, kabla ya jibu.

Jaribuni huu. Mama amefika na kadi yake. Mwenye kalamu anapekua, anasema jina halipo. Mama anasema mwezi jana lilikuwepo. Mwenye kalamu anatazama kulia, anatazama kushoto, anashusha sauti: "Linaweza kurudi. Njoo nyumbani jioni, peke yako." Nyuma ya mama foleni inasukuma, mtoto analia. Hapo hapo, simama! Waigizaji wagande. Mmoja awageukie watu na kuuliza: wewe ungefanyaje?

Wape nafasi wanawake kwanza. Wanaume wakianza, wanawake watasikiliza tu. Anayetaka kupanda apande, acheze sehemu ya mama, na mwenye kalamu asimrahisishie kazi. Mmoja atapiga kelele mbele ya foleni. Tazameni inakuwaje. Mwingine atamwita jirani asimame naye. Mwingine atanyamaza, aondoke, na hilo nalo mlitazame bila kumcheka, maana wapo waliolifanya kwa sababu hawakuwa na njia.

Lakini pana mambo ya kuchunga, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Msimwigize mtu anayejulikana. Mwenye kalamu wenu asivae kofia ya katibu wa mtaa wenu, asichechemee kama yeye, asiongee kwa lafudhi yake. Mkimwonyesha mtu kidole, mchezo umegeuka mashtaka, na mtakaoumia ni nyinyi. Mtaa wa kwenye mchezo uwe wa mbali, usio na jina. Wapeni taarifa viongozi kabla ya kukusanya watu, na mmalize kungali na mwanga. Msimwombe mtu aliyetendewa ubaya aje aucheze ubaya wake mwenyewe. Akipanda kwa hiari na sauti ikamkatika, msisubiri mwisho wa mchezo: mama mmoja anayeaminika amchukue pembeni. Na msiigize milio ya bunduki. Hata kugonga bati kwa mzaha, msigonge. Wapo watoto kati yetu ambao wakisikia mlio ule wanakimbilia porini.

Mchezo hauondoi shida ya orodha. Unachofanya ni kumzoeza mtu sentensi yake ya kwanza, ili siku ikimkuta asibaki bubu. Baada ya hapo anahitaji mahali pa kuipeleka. Msaada wa chakula, turubai na mbegu ni bure. Hulipii kuandikwa, si kwa pesa, si kwa kazi, si kwa mwili wako. Ukiombwa, piga 1458, ile Linha Verde. Haitozi salio, na unachosema kinatunzwa kwa siri. Kama simu si yako, futa namba kabla ya kuirudisha. Kama umefanyiwa jambo la mwilini, nenda kituo cha afya mapema uwezavyo, siku hiyo hiyo ikiwezekana, maana zipo dawa za kuzuia VVU ambazo hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Usisubiri mpaka malalamiko yajibiwe.

Mchezo ukiisha, tajeni namba hiyo mara tatu, polepole: moja, nne, tano, nane. Watoto wataigeuza wimbo. Waacheni.

(Muziki unapanda kidogo, unashuka.)

Kwa vikundi vya wasikilizaji: baada ya kusoma karatasi hii, kabla hamjagusa mchezo wa foleni, anzeni na Tunu. Mume ni dereva, anarudi baada ya wiki tatu, ana zawadi ya kitenge kipya, na mke amekwisha sikia habari za huko njiani. Amesimama mlangoni. Nani anapanda?

(Muziki wa kufungia kipindi.)