Mwalimu Apige Hodi

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za watu wawili wanaomlea mtoto mmoja, walakini mara nyingi hawajuani: mzazi na mwalimu wa shule ya msingi. Wahenga walisema, Mkono mmoja haulei mwana. Sisi walimu twalifundisha neno hili darasani, kisha twalisahau tukiisha kutoka. Mimi mwenyewe nililisahau, nami nitawaeleza jinsi nilivyokumbushwa.

Nilikuwa nikifundisha darasa la tatu katika kijiji kimoja cha Handeni, ambako maji huwa ya shida sana wakati wa kiangazi. Palikuwa na mtoto mmoja mwanamume, mwenye akili, aliyechelewa kila siku. Wenzake wamekwisha kuketi, yeye ndiyo kwanza aingia, miguu imejaa vumbi, na baada ya kitambo asinzia. Nikamwuliza sababu, akanyamaza. Nikampa adhabu, asiseme neno. Nikamwandikia mzazi wake barua, nikampa mtoto aichukue, halikuja jawabu. Nikaandika ya pili, kisha ya tatu, nayo ilikuwa kali kuliko zote. Kimya. Nikasema moyoni, "Watu hawa hawajali elimu."

Mwisho nikaona heri niende mwenyewe. Nilipopiga hodi, akatoka bibi mzee, naye aliponiona alishtuka. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mwalimu. Lakini fedha sina, univumilie mpaka nivune." Nikamwambia kuwa sikuja kudai. Hapo akaniletea kigoda, akaingia ndani, akatoka na kikapu. Ndani yake zilikuwamo barua zangu zote tatu, zimewekwa vizuri, wala hazijafunguliwa. Bibi hakujua kusoma, na mjukuu aliogopa kumsomea. Akasema, "Barua ya shule siku zote ni deni au ni kosa. Nikaziweka mpaka nipate fedha."

Tulipozungumza nikajua kwamba mama wa mtoto yu mbali kwa kazi, na kwamba bibi ana maradhi ya magoti. Basi mtoto ndiye aliyekwenda kisimani alfajiri, akangoja zamu yake, akarudi na ndoo kichwani, ndipo aje shule. Ndugu zangu, niliona haya. Yule niliyemwita mvivu alikuwa amekwisha kufanya kazi ya mtu mzima kabla ya kengele kulia. Tukashauriana, na jirani mwenye baiskeli akakubali kumletea bibi maji asubuhi za siku za shule, mtoto naye achote jioni. Hakuacha kuchelewa kwa siku moja, lakini aliacha kusinzia, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa akiwasomea wenzake kwa sauti.

Katika habari hii nilijifunza mambo manne, nami nawaomba walimu wayatafakari.

Kwanza, neno la kwanza la mwalimu kwa mzazi lisiwe lawama. Watoto wa darasa la kwanza waandikishwapo, mwalimu awaamkie wazazi wao, awaulize hali za nyumbani, na mtoto afanyapo vizuri apeleke habari hiyo pia. Aliyekwisha kuletewa habari njema hatakimbia siku ya habari mbaya.

Pili, mwalimu ajue njia imfikiayo kila mzazi. Asiyejua kusoma aendewe kwa mdomo. Siku hizi simu yafaa sana, lakini simu ipigwayo siku ya kosa tu ni kama barua zangu zile.

Tatu, aulize kabla ya kueleza. Mzazi ajua mambo ya mtoto ambayo daftari haliyaonyeshi.

Nne, asimtahayarishe mzazi mbele ya mkutano. Makosa ya mtoto husemwa faraghani; mambo ya shule nzima, kama madawati na chakula cha mchana, ndiyo husemwa hadharani, na hesabu zake zibandikwe ukutani watu wazione.

Juu ya fedha, ni vema kufahamishana. Hapa Tanzania ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu Januari 2016 michango ya lazima nayo ilikatazwa. Mzazi asiikimbie shule kwa kuogopa kudaiwa. Lakini wengine wamedhani kwamba kazi yao imekwisha. Sivyo. Sare, daftari na chakula cha nyumbani vyamngoja mzazi, na zaidi ya hivyo vyote, macho yake. Nenda shuleni hata kama hukuitwa, uliza, "Mwanangu aendeleaje?" Tena ichagueni vema kamati ya shule, maana humo ndimo sauti yenu isikiwamo.

Nanyi wanafunzi, msifiche barua wala shida. Mtoto ndiye daraja kati ya nyumba na shule, lakini msimwache abebe peke yake mzigo wa watu wazima.

Basi, mwalimu, wiki hii chagua nyumba moja usiyoijua, uende, upige hodi. Nawe mzazi, ukiisikia hodi hiyo, itika karibu bila hofu. Kwaherini.