Vumbi la Risasi Halinuki
Vijana wenzangu, wa Mombasa mnaijua Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za gari kilifanya kazi pale, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, mpaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Sawa, lakini pesa haitoi risasi mwilini mwa mtoto, na ubongo ukishaharibika ndio basi.

Sasa wewe unayepasua betri pale jua kali: lile vumbi halinuki, linaingia nyumbani na nguo zako mpaka kitandani. Oga na ubadilishe nguo hukohuko kazini, kabla hujambeba mwanao. Usizifue pamoja na za watoto. Tajiri akikunyima maji na sabuni, mdai. Sheria ya usalama kazini ya 2007 iko upande wako.