TV Inayoingia Bila Hodi



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mada hii niliitoa kwa vijana wenzangu wa Homa Bay baada ya Sala ya Alasiri, nikaombwa niiandike ili na wewe uliye nyumbani uisome pamoja na wazazi wako. Mimi si sheikh. Nilisoma madrasa Migori nikiwa mdogo, na sasa niko chuo kikuu nasomea mambo ya kompyuta. Nikikosea, mnirekebishe.

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu.

Baba alikaa miezi mingi akiweka akiba ili anunue TV kubwa, hizi za kisasa zinazoingia kwenye intaneti, ambazo vijana tunaziita TV janja. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka tuone Tarawehe za Makka moja kwa moja, na Nyanya asikilize darsa bila kutoka nyumbani. Fundi alipokuja kuiwasha, kioo kikajaa maandishi ya Kiingereza, kurasa kwa kurasa. Baba akauliza, "Haya yanasema nini?" Fundi akajibu, "Bonyeza OK tu mzee, hayo ni maneno ya kampuni. Usipobonyeza haiendelei." Baba akabonyeza.

Tukakaa nayo vizuri mpaka Ramadhan ya mwaka uliopita. Siku ya tatu ya saumu, dakika chache kabla ya Maghrib, Mama anateremsha uji na tende, TV ikawashwa. Badala ya ukurasa tuliouzoea, ikatokea picha kubwa ya tangazo la kamari, pesa zinamwagika kama mvua! Kila mtu akaduwaa. Baba akamgeukia mdogo wangu, kwa sababu ndiye anayeshinda na rimoti. "Nani ameleta kamari ndani ya nyumba yangu?" Mtoto akaapa kwamba si yeye. Baba hakumwamini. Akamtoa sebuleni. Mtoto wa miaka 12, amefunga tangu alfajiri, akafuturu jikoni peke yake huku analia.

Tuliporudi kutoka Tarawehe nikaichunguza ile TV. Nikakuta usiku uliotangulia ilikuwa imejibadilisha yenyewe kwa intaneti. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mpya, na ulikuwa na sehemu ya matangazo. Nikatafuta pa kuiondoa, sikupata. Nikamweleza Baba. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaenda akamwamsha yule mtoto, akamwambia, "Mwanangu, nimekudhulumu. Nisamehe."

Aliporudi sebuleni akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu usiku ule: "Hii TV nimeinunua ama nimeikodi? Kama ni yangu, mbona kuna mtu mwingine anaipanga?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo mada yetu.

TV IMEANZA KUSEMA

TV za zamani zilikuwa zinapokea tu. Ulikuwa unapandisha antena juu ya bati, mmoja anazungusha huko juu, mwingine anapiga kelele ndani, "Hapo hapo, usiguse!" Kituo hakikujua kama unatazama ama umelala. Mwaka 2015 Kenya ilipohama kutoka analogi kwenda dijitali, tukajifunza neno king'amuzi. Lakini bado mambo yalikuwa yanaingia tu nyumbani.

TV janja ni kitu kingine. Inapokea na pia inatuma. Nyingi zina chombo cha kutambua unachotazama. Kinavyofanya kazi ni hivi: TV inachukua sampuli ya picha iliyoko kwenye kioo chake, tena na tena, inaigeuza kuwa alama fupi mfano wa alama ya kidole, na inaituma kwa kampuni. Huko inalinganishwa na hazina ya vipindi na filamu, na kampuni inajua nyumba hii inatazama nini saa hii. Haijalishi kama unatazama king'amuzi ama mkanda wa DVD.

Usidhani nabuni. Mwaka 2017, nchini Marekani, kampuni ya TV ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya serikali kuishtaki kwamba ilikusanya habari za utazamaji, sekunde kwa sekunde, kutoka TV milioni 11, bila wenyewe kuambiwa sawasawa wala kuridhia. Habari hizo ziliuzwa kwa wengine. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya London, Madrid na California walipima TV za Samsung na LG, wakakuta chombo hicho kinafanya kazi hata pale TV inapotumika kama kioo tu cha kompyuta iliyochomekwa kwa waya. Na Desemba 2025 mwanasheria mkuu wa jimbo la Texas alizipeleka mahakamani kampuni tano kwa jambo hili hili: Sony, Samsung, LG, Hisense na TCL. Sijui nyumba ngapi hapa zina moja ya hizo, lakini ukipita madukani Migori utaziona.

Kwa nini wanafanya hivyo? Kwa sababu kuna faida. Hiyo Vizio, katika hesabu zake za mwaka 2021, ilipata faida ghafi kubwa zaidi kwenye matangazo na habari za watazamaji kuliko kwenye kuuza TV zenyewe. Kwa hiyo unapodhani umemaliza biashara dukani, mwenzako ndiyo kwanza ameianza.

UFUNGUO UKO KWA NANI?

Hebu tulipime jambo hili kwa uadilifu, tusiseme tu kampuni ni mbaya.

Shangazi yangu yuko huku Homa Bay, anauza omena. Ana TV ndogo ya sola aliyoichukua kwa malipo ya kidogo kidogo. Asipolipa, inazimwa kutoka mbali. Kuna siku ziwa halitoi kitu, na jioni TV inafunga. Shangazi anacheka, "Leo imelala mpaka omena wapatikane." Hakasiriki. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu, "Waliniambia kabla sijachukua. Na siku nikimaliza deni, hawana ruhusa tena ya kuigusa."

Maneno ya mwanamke wa sokoni hayo, lakini ndani yake mna fikihi nzima ya biashara. Sharti liwe wazi kabla ya kununua. Na haki ya muuzaji iwe na mwisho.

Sasa linganisha. Julai 2021 kulitokea uporaji mkubwa Afrika Kusini, na ghala za Samsung zikavunjwa. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kwamba TV zilizoibwa zitazimwa kutoka mbali pindi zitakapounganishwa na intaneti. Wezi walistahili, sina neno. Lakini kampuni yenyewe ilisema kwamba uwezo huo umewekwa tayari katika TV zake zote. Kwa hiyo hata aliyelipa mpaka shilingi ya mwisho, kufuli liko ndani ya nyumba yake na ufunguo hana.

Machi 2024, huko Marekani, wenye vifaa na TV za Roku waliwasha wakakuta masharti mapya ya kisheria yameziba kioo, na hapakuwa na njia ya kupita isipokuwa kukubali. Hizo zilikuwa TV walizokwisha kuzilipia na kuzitumia. Na Desemba 2025 wenye TV za LG walikuta programu ya Copilot imeingia yenyewe na haifutiki. Watu walipopiga kelele, kampuni ikasema itawaruhusu kuifuta. Zingatieni hapo: kelele zilisaidia.

DINI YETU IMETUFUNDISHA NINI

Uislamu umeipa nyumba heshima ambayo watu wengi hawaijui. Katika Surat Nur, aya ya 27 na 28, Allah (s.w.) anatukataza kuingia nyumba za watu mpaka tupige hodi na tuwasalimie wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Mpaka mgeni mwenye nia njema anaweza kuambiwa arudi, na hana haki ya kununa.

Endelea mpaka aya ya 58. Humo hata watoto wa nyumba ile ile wameamrishwa waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, mchana watu wanapopumzika, na baada ya Isha. Mtoto uliyemzaa mwenyewe anapiga hodi! Je, chombo kilichokaa sebuleni nyakati zote tatu, kinachopeleka habari kwa watu usiowajua, kimepiga hodi kwa nani?

Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia kwa tundu chumba cha Mtume (s.a.w.). Mtume alikasirika, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Yule mtu hakuwa ameingia wala kuiba kitu. Alichungulia tu. Na Surat Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana.

Mtasema, "Lakini Baba alibonyeza OK." Kweli, na hapa ndipo pagumu. Tumefundishwa kwamba Waislamu hushikamana na masharti yao, ila sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kwa hiyo kubonyeza kukubali si mchezo, ni neno lako umelitoa. Lakini Surat Nisaa, aya ya 29, inataka biashara iwe kwa kuridhiana, na kuridhia kunataka kujua. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kuna unyevu uliofunikwa, akamkemea mwenye nalo kwa kuwahadaa watu. Kurasa 40 za Kiingereza kigumu, unazoonyeshwa baada ya kutoa pesa, hazina tofauti na nafaka kavu iliyofunika mbichi.

Na sisi vijana tujitazame pia. Mara ngapi tumefungua simu ya mwenzetu bila idhini, ama tumempiga mtu picha tukaisambaza? Mwenye kulalamikia hodi, naye apige hodi.

SHERIA YA NCHI

Alhamdulillah, hata sheria ya Kenya iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili anufaike na alichokinunua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwaje, na haki ya kukataa. Habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi. Ukidhulumiwa, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data. Ni haki yako, usione haya.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tukiwa dukani, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji awashe na akuonyeshe masharti. Muulize, "Nikikataa haya ya matangazo, TV itafanya kazi?" Akishindwa kujibu, jaribu duka jingine.

Pili, nyumbani, ingia sehemu ya mipangilio na uzime kutambua kinachotazamwa, matangazo yanayokulenga, na maikrofoni kama ipo. Katika TV za LG chombo hicho huitwa Live Plus. Samsung wanakiita Viewing Information Services. Wale watafiti wa 2024 walikuta kwamba ukikizima, habari zinaacha kwenda. Kwa hiyo kuzima kunafaa, usikate tamaa. Na kila TV inapojibadilisha, rudi ukaangalie upya.

Tatu, si lazima TV iwe kwenye intaneti kila saa. Iunganishe unapoihitaji, kisha iondoe. Utaokoa na bando pia. King'amuzi kitaendelea kuonyesha kama kawaida.

Nne, wazee wetu wasiachwe peke yao na maandishi haya. Wewe kijana uliyesoma, keti na mzazi wako dakika kumi, mfasirie, kisha umwachie yeye aamue, kwa sababu nyumba ni yake. Umoja wetu unaweza kutoa vijana wawili wawili wazunguke kwa wazee baada ya Alasiri, Homa Bay, Kendu Bay, mpaka kwetu Migori. Hiyo nayo ni sadaka.

Nyumbani kwetu tulifanya hivyo. Baba alikaa nami, nikamsomea mstari mmoja mmoja, naye akawa anasema, "Huu zima. Huu acha." Yale matangazo ya ukurasa wa kwanza hayakuondoka yote, siwadanganyi. Kwa hiyo tuliichomoa kwenye intaneti, na sasa inaunganishwa wakati wa Tarawehe za Makka tu. Rimoti amepewa mdogo wangu. Baba alimkabidhi mbele yetu sote akamwambia, "Wewe ndiye bawabu. Asiingie mtu bila kupiga hodi."

Allah atusamehe tulipomdhania mtu vibaya, azihifadhi nyumba zetu, na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.