Tumbo limepungua, sufuria je?

Msikilizaji, tangu mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, inawawekea watu puto tumboni wapunguze uzito. Upasuaji wa kupunguza tumbo lenyewe nao upo nchini. Mimi nawaza siku mgonjwa anaporudi nyumbani, tuseme hapa Kisesa, Mwanza.

Kwanza tuelewane. Upasuaji huo huondoa takribani robo tatu ya tumbo, na linalobaki hujaa kwa vijiko vichache. Kwa hiyo hutangulia samaki, maharage au yai, zifuate mboga, ugali uwe wa mwisho, maji yasubiri nusu saa. Ziwa Victoria limetupa bahati: sato wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu, dagaa walioondolewa mchanga vizuri; na shambani upo mlenda usiotaka hata tone la mafuta. Kazi ni kuuzuia mkono unaomimina mafuta mpaka dagaa waelee.

Sasa, wapo wanaosema gharama ya upasuaji huo ni ya wachache, nidhamu ya chakula ingetosha. Kuhusu gharama, nakubali. Lakini unene uliokithiri ni maradhi, si uzembe. Wengi wamejinyima miaka na uzito ukarudi.

Miezi ya mwanzo nguo zinalegea, moyo unafurahi. Baadaye uzito unagoma kushuka, na shangazi anauliza, "Mwanangu, mbona umekonda, unaumwa?" Anakumegea tonge jingine.

Je, sisi tunaokula na mgonjwa huyo tuko tayari kubadili chungu cha nyumba nzima, au tutamwachia kijisufuria chake pembeni?