Magugu katika Sanduku la Barua



Sisi tuliokulia kihambani, hapa mlimani, tunajua jinsi kahawa inavyochaguliwa. Matunda humiminwa majini. Mepesi huelea, nayo huenguliwa. Lakini hayatupwi. Huanikwa kando, kisha hutazamwa tena.

Kazi hiyo imetujia akilini kwa ajili ya barua pepe. Kila siku anwani zetu hupokea barua tusizoziomba: ushindi wa bahati nasibu ambayo hatukuicheza, urithi wa mtu tusiyemjua, dawa iponyayo kila ugonjwa. Si jambo jipya. Mwezi Mei 1978, mwuzaji mmoja wa kompyuta huko Marekani alipeleka tangazo lake kwa watu wapatao 400 kwa mkupuo mmoja, nao wakanung'unika. Baadaye mashine zilifundishwa kuchuja. Mwaka 2002 mtaalamu Paul Graham alieleza namna ya kuipa mashine barua tulizozikataa pamoja na tulizozipokea, ili ipime maneno ya kila upande na kukisia barua mpya ni ya upande gani.

Kukisia, ndugu zangu, wala si kujua. Binti wa jirani yetu hapa Moshi aliomba nafasi ya masomo ng'ambo. Jibu likaja, likitaja fedha, ada na tarehe ya mwisho. Mashine ikaona maneno yaleyale ya matapeli, ikalitia katika sanduku la barua taka. Sisi tulimwambia avumilie. Hatukumwambia afungue sanduku lile. Lilipoonekana, tarehe ilikuwa imepita kwa siku nne.

Mwenye shamba yule wa Injili alihofia ngano yake kung'olewa pamoja na magugu, akaamua kungoja. Mashine haingoji hivyo: katika Gmail, barua iliyotiwa humo hufutika yenyewe baada ya siku 30.

Basi makatekista mnaotunza anwani za vigango, hatusemi chujio lizimwe. Bila hilo tungezama. Tunaomba sanduku lile lifunguliwe kila juma. Mkikuta barua njema, iambieni mashine kuwa si taka, nayo itajifunza. Ya tapeli msiijibu, hata kwa hasira, kwa maana jibu humjulisha kwamba anwani hiyo ina mwenyewe.

Binti yule ameomba tena mwaka huu. Mama yake, ambaye Kiingereza hakijui, humwuliza kila Jumamosi jioni wakirudi na majani ya ng'ombe: "Na kule kwenye taka, umetazama?"